Msuli wa Sauti Unapokatiwa Neva

Baadhi ya wagonjwa huamka kutoka kwenye operesheni ya rovu wakiwa na sauti ya kukwaruza, yenye pumzi nyingi kuliko maneno, na wakinywa maji huwapalia. Mara nyingi iliyoguswa ni neva inayoendesha misuli ya zoloto, kile kisanduku cha sauti. Njia yake ni ndefu: hushuka kutoka shingoni hadi kifuani, ikazunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha ikapanda tena nyuma ya tezi dundumio. Katika karne ya 2, tabibu Galen aliikata kwa nguruwe aliyekuwa akilia, na mnyama akanyamaza papo hapo.

Msuli uliokatiwa neva hubadilika mapema. Nyuzi zake hukonda. Vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli, kwa kawaida hujikusanya pale tu neva inapougusa; sasa husambaa juu ya uzi mzima. Baada ya muda nyuzi huanza kutetemeka zenyewe, kwa mtetemo usioonekana kwa macho ila hunaswa na sindano ya kupima umeme wa misuli. Hali hiyo ikidumu mno, kovu na mafuta huchukua nafasi ya nyama.

Lakini kwenye zoloto mambo mara nyingi hayafiki huko. Neva iliyojeruhiwa huchipua upya, kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, na shida hasa ni kwamba hupotea njia. Ndani yake zimo nyuzi za kufungua koo ili tuvute hewa na nyuzi za kulifunga ili tuseme na kumeza, zote zimechanganyika. Zikirudi, za kufungua huweza kuingia kwenye misuli ya kufunga, na za kufunga kwenye msuli wa kufungua. Hapo misuli huvutana kama timu mbili za kuvuta kamba zilizolingana nguvu, na uzi wa sauti hautikisiki. Daktari akichungulia kwa kamera huona kupooza, ilhali msuli uko hai na umenenepa vya kutosha kuisaidia sauti.

Ndiyo sababu madaktari wengi husubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya upasuaji wa kudumu. Naamini, hata hivyo, kwamba kumwambia mgonjwa asubiri tu ni kumtelekeza. Katika kipindi hicho anaweza kufundishwa namna salama ya kumeza na kufanya mazoezi ya sauti, au kudungwa sindano ya kijazio cha muda kinachousogeza uzi uliopooza ukutane na mwenzake. Neva isiporudi vya kutosha, kuna upasuaji wa kuusogeza uzi moja kwa moja, ambao Isshiki wa Japani aliueleza mwaka 1974, au wa kuunganisha neva nyingine ya shingoni ili kuukinga msuli usikonde.

Hatari kubwa zaidi ni neva za pande zote mbili kuumia. Sauti huweza kubaki karibu ya kawaida, kwa kuwa nyuzi za sauti zimekaribiana, na watu wakadhani mgonjwa ni mzima. Akianza kuvuta pumzi kwa mlio, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.