Rula Kwanza, Sola Baadaye

Kariakoo, Dar es Salaam, paneli za sola zimeegemezwa ukutani hadi nje ya milango ya maduka, betri zimepangwa chini, inveta ziko kwenye shelfu. Wateja wengi wametoka mikoani, na baadhi ya mizigo hiyo huishia juu ya paa la shule ya kijijini. Mteja akiwa na wasiwasi, muuzaji huitoa paneli juani na kugusisha mita kwenye nyaya mbili. Inasoma volti 21. Mteja anaridhika, analipa.

Kipimo hicho kinasema machache mno. Paneli ya seli 36 hutoa takribani volti 0.6 kwa kila seli, iwe kubwa au ndogo, na hata wingu likitanda volti hazishuki sana. Zinazoshuka ni ampia. Paneli ya wati 10 na ya wati 100 zinaweza kusoma volti zilezile.

Rula ina msaada zaidi. Jua kali la mchana hushusha kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na paneli za madukani, hata zilizo bora, hazigeuzi zaidi ya takribani robo ya nguvu hiyo kuwa umeme. Paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60 hupokea wati 600. Robo yake ni 150. Lebo ikiandikwa 300, hiyo lebo ni ya uongo. Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi anaiweza, tena kwa Kiswahili, katika somo la sayansi. Inaniuma kuona shule ina sola juu ya paa na wanafunzi wake hawajawahi hata kuigusa.

Laiti kila shule ingepata paneli moja ya wati 10 na mita ya bei nafuu, kwa ajili ya kushikwa na watoto tu. Funika seli moja kwa karatasi nene: ampia zinaporomoka. Seli zimeungwa mfululizo, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kisimani. Mmoja akizubaa, mstari mzima unakwama. Kivuli cha tawi moja la mwembe kinatosha kuwanyima walimu umeme wa jioni. Kisha iache paneli juani hadi ipate moto, uipanguse mgongoni kwa kitambaa kilicholowa. Volti zinapanda! Paneli hupenda mwanga, joto huipunguzia nguvu.

Hapo maswali yatakuja, na mengine mwalimu hatakuwa na majibu yake. Swali la namna hiyo si la kudharauliwa. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa maziwa ulioingizwa kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza sababu yake Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu aliyetoka Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne aliporudi Dar aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa majina yao yote mawili.