Unga ulioloa: Kwa nini kuchemsha hakuondoi sumu

WAKAZI wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hutumia unga wa mahindi na wa muhogo kwa ugali na kwa pombe. Kisa cha tambi pana za mchele za China kinawahusu kuliko inavyodhaniwa.

Tambi hizo, he fen, ni chakula cha Guangdong. Mchele hulowekwa, husagwa na maji kama wa vitumbua, hutandazwa kwenye sinia, hupikwa kwa mvuke, kisha hukatwa vipande vipana. Huuzwa zikiwa na unyevu. Ndio utamu wake, na ndiyo hatari yake.

Zikikaa kwenye joto, bakteria waitwao Burkholderia gladioli huweza kumea humo na kutoa asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na haina dawa maalumu. Machi 2024 iliua wateja wa mgahawa mmoja wa Taipei waliokula tambi za aina hiyo.

Januari 2015, watu 75 walifariki dunia Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya mahindi msibani. Awali ilidaiwa kuwa ni nyongo ya mamba. Maabara zikabaini asidi hiyo hiyo. Unga wa pombe hiyo ulielezwa kuwa uliharibiwa na mafuriko.

Mvua zinaponyesha Lindi, unga ulioloa na kubadilika rangi haufai kwa ugali, wala haufai kupelekwa kwa mpika pombe.