Mkate Uliodhuru Watoto

Katika damu yetu mna askari. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Lakini pengine askari hao hukosea, wakaushambulia mwili wenyewe.

Seliaki ni ugonjwa wa namna hiyo. Mtoto huharisha, hukonda, na tumbo huvimba. Zamani wengine walikufa. Huko Uholanzi Daktari Willem Dicke alishuku mkate wa ngano. Mwaka 1944 vita vilileta njaa, mkate ukaadimika. Ajabu, wagonjwa wake wakapata nafuu! Mkate uliporudi, wakaugua tena.

Mtu huugua yakikutana mambo mawili: asili aliyorithi kwa wazazi, na ngano. Wengi hurithi asili hiyo wasiugue. Mgonjwa akiacha ngano na nafaka za jamii yake, kwa kawaida utumbo hupona. Mahindi na mchele havimdhuru.