Waliookolewa wameongezeka: tufurahi au tuhuzunike?

Ripoti za miradi ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu hufanana: semina kadhaa, vipeperushi maelfu, picha ya pamoja na mgeni rasmi. Hayo ni yaliyofanywa. Mtathmini anatafuta yaliyobadilika: yule dalali anayechukua wasichana kijijini akiwaahidi shule, kisha kuwatupa mjini kwenye kazi za ndani bila ujira, bado anapata wa kuchukua?

Ugumu ni kwamba waathirika wamefichwa. Tuseme mwaka huu waliotambuliwa ni mara mbili ya mwaka jana. Uhalifu umezidi, au watu wameanza kutoa taarifa? Namba peke yake haisemi. Mradi mzuri waweza kuipandisha, na mradi uliolala ukabaki na idadi ndogo inayompendeza mfadhili.

Njia moja ya kukisia waliofichwa imetoka kwa wanaohesabu samaki. Vua 100 bwawani, watie alama, warudishe. Vua tena 100. Ukikuta 10 wana alama, yaani mmoja katika kila kumi, basi bwawa lina samaki wapatao 1,000. Mwaka 2014 mwanatakwimu Bernard Silverman, wakati huo mshauri mkuu wa sayansi wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, alilitumia wazo hilo kwa waathirika waliofichwa nchini humo. Nyavu zake zilikuwa orodha za polisi, serikali za mitaa na mashirika; akatazama nani anajirudia katika orodha zipi. Waliojulikana mwaka 2013 walikuwa 2,744. Makadirio yake: kati ya 10,000 na 13,000.

Hesabu hiyo haiwezekani kila shirika likifungia daftari lake kabatini, au Asha wa huku akiandikwa Aisha kule. Namba za siri badala ya majina zingesaidia, tena zingemlinda mhusika.

Kwa nyumba salama zinazohifadhi manusura, kuhesabu vitanda na sahani za wali hakutoshi. Manusura afuatwe baada ya mwaka, kwa ridhaa yake, bila kulazimishwa kusimulia upya yaliyompata: ana kipato? Dalali amerudi mlangoni?

Sheria yetu Tanzania dhidi ya usafirishaji huu ni ya mwaka 2008; muda wa kuridhika na semina tu umepita. Ewe afisa unayepokea ripoti, itafute humo habari ya msichana aliyerudishwa kwao mwaka jana. Kama haimo, irudishe ripoti hiyo.