Kupima Joto la Ulimwengu Mchanga

Ukipanda treni ya Gautrain Sandton, Johannesburg, ukashuka kituo cha Park, umebakiza mwendo mfupi kufika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Braamfontein. Wanafizikia wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa iThemba LABS na Chuo Kikuu cha Cape Town, ni washiriki wa ALICE, jaribio la maabara ya CERN linalochunguza migongano ya viini vya atomu za madini ya risasi.

Viini hivyo vinapogongana karibu na kasi ya mwanga, joto hupita la kitovu cha jua zaidi ya mara 100,000. Protoni na nyutroni huyeyuka, chembe zinazoziunda, kwaki na gluoni, zikatapakaa na kuwa plazima, kama ulimwengu ulivyokuwa mara tu ulipoanza. Hakuna kifaa kinachoweza kutumbukizwa humo, kwa hiyo kipimajoto lazima kizaliwe humo humo.

Kipimajoto hicho ni jozi ya kwaki nzito na antikwaki yake. J/psi, jozi ya kwaki chamu, iligunduliwa mwaka 1974. Upsiloni, ya kwaki botomu, mwaka 1977. Mwaka 1986 wanafizikia Tetsuo Matsui na Helmut Satz walitabiri kuwa kwaki na gluoni zilizotapakaa zingedhoofisha mvuto unaoishika jozi, na J/psi zingepungua. Siagi, nta na bati zikiwekwa juu ya moto mmoja, kilichoyeyuka na kilichobaki hukueleza ukali wa moto huo. Vivyo hivyo, jozi zilizoshikana kwa ulegevu huvunjika kwanza, na jaribio jingine la CERN, CMS, limeliona hilo kwa upsiloni.

Jozi hizi zinahesabiwaje? Baadhi ya J/psi huoza zikawa chembe mbili ziitwazo myuoni. ALICE ina ukuta wa kaboni, zege na chuma, wenye unene wa mita nne hivi, unaozuia karibu chembe nyingine zote, lakini myuoni hupenya. Kompyuta huzioanisha na kukokotoa masi, na kwenye grafu kichuguu huchomoza penye takriban mara 3.3 ya masi ya protoni. Kimo chake ndicho kinachofichua idadi.

Mwaka 2012 ALICE ilionyesha kuwa J/psi zilipungua kidogo kuliko katika migongano ya nishati ndogo kule Brookhaven, Marekani. Moto umezidi, mbona hasara imepungua? Maelezo yenye nguvu ni kwamba mgongano mmoja huzaa makumi ya jozi za kwaki chamu. Zilizoachana hukutana na nyingine plazima inapopoa, zikaunda J/psi mpya. Kwaki botomu ni chache, hivyo upsiloni huungana upya kwa nadra. Ndiyo maana anayetaka kulijua joto lile husoma vipimo vyote viwili kwa pamoja: upsiloni kwa kuyeyuka, J/psi kwa kuzaliwa upya.