Singapore kwa Miguu: Mji wa Milango Inayopakana

Mtaa wa Telok Ayer, Singapore, leo umezingirwa na maghorofa ya mabenki, na bahari iko mbali. Lakini hadi miaka ya 1880, kabla ufuo haujafukiwa ili kupata ardhi ya kujenga, mawimbi yalikuwa yakipiga papa hapa. Waliotoka Fujian, kusini mwa China, na waliotoka pwani ya Watamil, kusini mwa India, walishuka vyomboni kwenye ufuo huu mmoja. Wote walianza kwa kutoa shukrani kwa kuvuka salama, kila mmoja kwa imani yake. Anayetaka kuuelewa mji huu aanzie hapa, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali.

Mwanzoni utaikuta Nagore Dargah, iliyojengwa na Waislamu wa Kitamil kati ya 1828 na 1830 kumkumbuka Shahul Hamid, walii wa mji wa Nagore. Hatua chache mbele liko hekalu la Kichina la Thian Hock Keng, lililojengwa kati ya 1839 na 1842 kwa heshima ya Mazu, mlinzi wa mabaharia. Mchangiaji wake mkubwa alikuwa Tan Tock Seng, mfanyabiashara mzaliwa wa Melaka, ambaye hospitali aliyoianzisha inaitwa kwa jina lake hadi leo. Inua macho utazame dari: mafundi waliunganisha mbao kwa kuzichonga zikaingiana, bila kupiga msumari. Mbele kidogo tena upo Msikiti wa Al-Abrar, ulioanza mwaka 1827 kama banda la kuezekwa kwa majani, ukajengwa kwa matofali katika miaka ya 1850.

Barabara moja, dini tatu

Kutoka Telok Ayer, dakika kumi za kutembea zinakufikisha South Bridge Road, katikati ya Chinatown. Hapa mgeni hushangaa, kwa sababu jengo linalotawala macho ni Sri Mariamman, hekalu la Kihindu lililoanzishwa mwaka 1827 na Naraina Pillai. Huyu alifika mwaka 1819 katika msafara wa Stamford Raffles, Mwingereza aliyeanzisha kituo cha biashara cha nchi yake kisiwani. Mnara wa lango la hekalu hilo umejaa sanamu za miungu zilizopakwa rangi, safu juu ya safu. Kwenye barabara hiyo hiyo upo Msikiti wa Jamae, ulioanzishwa na Watamil mwaka 1826, na pia liko hekalu kubwa la Kibudha lililofunguliwa mwaka 2007.

Ujirani huu haukupangwa na wakoloni. Ramani ya mji iliyochorwa mwaka 1822 kwa maagizo ya Raffles iliwatenga watu: Wachina upande huu wa mto, Wazungu ng'ambo, Wamalayu, Wabugi na Waarabu huko Kampong Gelam. Biashara na ibada zilikuwa na njia zake, na nyayo za watu zikaivuka mipaka hiyo.

Mchana ukifika, ingia Maxwell Food Centre, kando ya barabara hiyo hiyo. Ni ukumbi wa wauza vyakula wadogo, utamaduni ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2020 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Agiza wali kwa kuku, kisha uangalie sehemu ya kurudishia sinia. Zipo rafu mbili: moja ya vyombo vya chakula cha halali, nyingine ya visivyo vya halali. Kwa utaratibu huo mdogo, Mwislamu na jirani yake anayekula nguruwe wanakaa ukumbi mmoja bila mtu kuudhika.

Ng'ambo ya mto

Ukishavuka Mto Singapore, South Bridge Road hubadilika jina na kuwa North Bridge Road. Pinda kidogo hadi Waterloo Street. Hapo liko sinagogi la Maghain Aboth la mwaka 1878, halafu hekalu la Kichina la Kwan Im, na pembeni yake kabisa hekalu la Kihindu la Sri Krishnan. Simama hapo kwa muda. Utawaona Wachina wakitoka kwa Kwan Im, kisha wanasimama mbele ya hekalu la jirani, wanawasha vijiti vya udi, wanainamisha vichwa, kisha wanachomeka vijiti hivyo kwenye chetezo kilichowekwa mlangoni. Hakuna anayewafukuza.

Kampong Gelam ndiko uliko Msikiti wa Sultan, wenye kuba la dhahabu, uliokamilika mwaka 1932. Sogea karibu utazame mkanda mweusi chini ya kuba: ni vitako vya chupa za kioo, safu kwa safu. Vilitolewa na Waislamu maskini ili nao wawe na mchango wao katika msikiti, si matajiri peke yao. Ubavuni mwa msikiti huo upo mtaa wa Muscat, uliopambwa mwaka 2012 kwa matao ya Kiomani. Na miaka miwili kabla yake, jahazi lililoshonwa kwa kamba za nazi, kama mitepe ya pwani yetu, lilisafiri kutoka Oman hadi Singapore likiwa zawadi. Bahari iliyowafikisha Waomani Zanzibar ndiyo iliyowafikisha huku.

Amani yenye gharama

Isidhaniwe kwamba yote haya yalikuja yenyewe. Tarehe 21 Julai 1964, katika maandamano ya Maulidi, ghasia zilizuka kati ya Wamalayu na Wachina. Watu 23 waliuawa, na wengine 13 wakafa katika ghasia za Septemba mwaka huo. Mji haukulisahau jambo hilo. Tangu mwaka 1989, nyumba za serikali, ambako wakazi wengi wanaishi, zina kiwango cha juu cha familia za kila kabila katika kila jengo. Sheria hiyo ina wanaoumia nayo, hasa wa makabila madogo wanapotaka kuuza nyumba, kwa kuwa wanunuzi wao ni wachache. Lakini imezuia mitaa kugeuka ngome za kabila moja. Na kila Julai 21, shule huadhimisha siku ya maelewano ya makabila.

Ndiyo maana nasema: zuru Singapore kwa miguu. Safari yote haizidi kilomita tano. Vaa viatu rahisi kuvua, funika mabega, beba mwavuli, na wasalimie walinzi wa milango. Gari litakuonyesha utajiri wa Singapore. Miguu itakuonyesha kazi ya ujirani iliyoujenga mji huu, na kazi hiyo ndiyo miji yetu yenye dini nyingi na makabila mengi inapaswa kuiiga kabla damu haijamwagika.