Kwanza Ijue Cessna

Mezani tulikuwa watano. Ndege ikapita juu ya Barabara ya Lang'ata ikielekea kutua uwanja wa Wilson, Nairobi, na wenzangu wakaendelea kubishana kuhusu bei ya unga. Mimi nilikuwa nimeshaiacha chai. Sauti ile haikuwa ya kila siku: ilikwaruza, kama mtu anayepasua turubai taratibu. Kutoka nje nikaona mikia miwili na propela mbili, moja puani, nyingine nyuma ya kibanda cha abiria. Cessna 337, Skymaster. Propela ya nyuma hukata hewa ambayo tayari imevurugwa na kiwiliwili cha ndege, ndiyo maana inakwaruza. Niliporudi, chai ilikuwa imepoa na mandazi yangu hayapo.

"Mzee mzima bado unakimbilia ndege?" mmoja akaniuliza, mdomo umejaa.

Ndiyo, bado. Na sipo peke yangu. Nchini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, raia walijifunza kutambua ndege kwa umbo na mlio, kwa kuwa kukosea kungeweza kumfanya mtu aishangilie ndege ya adui. Jarida zima, The Aeroplane Spotter, lilichapishwa kwa kazi hiyo kuanzia 1941 hadi 1948. Vita vilikwisha, mazoea yakabaki, yakawa starehe ya watu wenye darubini, daftari na subira.

Wengi wanaoanza hukosea jambo moja: wanatafuta ndege adimu kabla hawajaijua ile ya kawaida. Atakayeitambua sura ngeni mtaani ni yule anayewajua majirani. Kwa hiyo mwanafunzi wangu nampa kazi moja tu mwezi wa kwanza. Cessna, basi. Cessna 172 imetengenezwa zaidi ya 40,000 tangu miaka ya 1950, na hakuna ndege nyingine iliyofikia idadi hiyo. Bawa liko juu, kila upande limeshikiliwa na mhimili mmoja wa mshazari, gurudumu moja liko chini ya pua. Ukiisha kuizoea, tazama milango. 172 ina mlango kila upande wa mbele. Cessna 206 ina mlango wa rubani kushoto, na upande wa kulia, nyuma, milango miwili mipana ya kupakilia mizigo. Halafu kuna 185: gurudumu la pua halipo, liko mkiani, hivyo ikiegeshwa huinua pua kama mtu mwenye maringo. Na Caravan, ile kubwa, ina bomba la moshi nene upande wa kulia wa pua, na haingurumi bali huvuma kwa wembamba, kwa kuwa injini yake ni ya tabo, inayotumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Hata pua ya binadamu husaidia hapa. Simama karibu na ndege ya pistoni kisha karibu na Caravan, utajua tofauti ukiwa umefumba macho.

Sasa ondoa mhimili. Ndege ya bawa la juu isiyo na mhimili humfanya mtu wa hobi hii asimame. Cessna 210 za kuanzia 1967 ziko hivyo, na magurudumu yake hukunjwa yakaingia tumboni. Siku moja niliiona ndege ya namna hiyo ikishuka, magurudumu nje kwa kuwa inatua, nikaandika "210" kwa wino bila hata kusita. Ilipokuwa ikitembea ardhini, rubani akavuta usukani, nikaona ubapa mzima wa mkia ukiinama, si kipande cha nyuma tu. 210 haifanyi hivyo. Ilikuwa Cessna 177, Cardinal, ambayo kiwanda kiliiuza kwa takribani miaka kumi tu, kuanzia 1968 hadi 1978. Bawa lake limesukumwa nyuma, rubani ameketi mbele ya ukingo wake na anaona vizuri akipinda. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Ule mstari niliofuta bado uko daftarini, na ndio huwaonyesha wanaoanza.

Tuongeze ugumu kidogo: bawa juu, hakuna mhimili, na gurudumu liko mkiani. Hapo orodha inabaki fupi mno. Inaweza kuwa Helio Courier ya Marekani, iliyopendwa na wamisionari kwa kuwa inaweza kuruka taratibu ajabu. Ukingo wa mbele wa bawa lake una vibapa vinavyochomoka vyenyewe mwendo ukipungua. Au inaweza kuwa Dornier Do 27 ya Ujerumani, na hiyo ina historia yake hapa kwetu. Mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walikuja Serengeti na Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia, usajili wake D-ENTE. "Ente" kwa Kijerumani ni bata. Walihesabu wanyama kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alizikwa hapo pia baadaye. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Wageni wengi hupita penye kaburi lile wakiwahi kushuka kreta.

Hata hivyo, uadimu hutegemea mahali uliposimama. Wilson, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanzilishi wa Wilson Airways mwaka 1929, Caravan ni kama matatu: inaondoka, nyingine inaingia, hakuna anayeinua kichwa. Huko Uingereza, mpenzi wa ndege anaweza kumaliza kiangazi kizima akihesabu Tiger Moth, ndege za mabawa mawili moja juu ya jingine, na Caravan moja ikamfurahisha. Sisi ikitupitia Tiger Moth, tutaacha si mandazi tu.

Umbo likishakwambia aina, namba ya usajili hukwambia ndege ni ya wapi. 5Y ni Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi. Picha za kale zina herufi nyingine: VP-K kwa Kenya, VR-T kwa Tanganyika, VP-U kwa Uganda. Percival Vega Gull aliyoiendesha Beryl Markham Septemba 1936, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, ilikuwa VP-KCC, ndege ya Kenya. Iliishia matopeni Nova Scotia, Kanada. Lakini usajili hubadilika kila ndege inapohamia nchi nyingine. Kisichobadilika ni namba ya kiwandani, na anayeipata hiyo anaweza kufuatilia maisha ya ndege tangu ilipotoka kiwandani.

Neno moja la tahadhari. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Ugiriki kwa kuandika namba za ndege kwenye uwanja wa jeshi. Mwaka uliofuata walihukumiwa, na baadaye mwaka huohuo rufaa ikawafutia hatia. Kwetu pia viwanja vya ndege ni maeneo ya ulinzi. Kamera iache begini hadi upate ruhusa, na ukiulizwa, onyesha daftari bila ubishi. Macho na masikio hayahitaji kibali.

Ukiona kitu usichokijua, usikimbilie jina. Andika kwanza bawa liko wapi, mihimili mingapi, gurudumu la tatu liko puani au mkiani, na mkia una umbo gani. Kisha tarehe, saa na mahali. Jina tutalitafuta baadaye. Na andika kwa penseli.